Msitupime Hulka, Tulipeni Malimbikizo

Juzi kwenye semina, mwezeshaji alituambia walimu kwamba kuridhika na kazi ni hulka: aliyezaliwa mnung'unikaji atanung'unika hata akipewa ukurugenzi. Meza kuu ikapiga makofi. Hasira haijanitoka mpaka leo.

Utafiti upo, nakubali kwa shingo upande. Mwaka 1985 watafiti Barry Staw na Jerry Ross walichambua takwimu za wanaume wa makamo wa Marekani waliofuatiliwa miaka mitano: aliyeridhika mwanzoni kwa kawaida aliendelea kuridhika, hata alipobadili mwajiri. Mwaka 1989 Richard Arvey na wenzake wakachunguza jozi 34 za mapacha wa kufanana waliotenganishwa na kulelewa kila mmoja mahali pake, wakakadiria kwamba asilimia 30 hivi ya tofauti za watu katika kuridhika na kazi inatokana na urithi. Hata ofisi ya walimu inashuhudia hilo. Yupo anayeingia kwenye darasa la watoto mia na ushee akiimba, na yupo anayekasirishwa na chaki.

Lakini ile sehemu kubwa iliyobaki mwezeshaji aliiacha wapi? Mwaka 2016 hapa Tanzania upandishaji wa madaraja ya mishahara ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka nayo ikakatika, hadi ilipotangazwa kurudi Mei Mosi 2023. Katika miaka hiyo nilimwona mwenzetu mchangamfu kuliko wote, yule wa ngonjera na michezo, akinyamaza taratibu. Daraja lake lilichelewa. Barua ilipokuja, mshahara mpya ukachelewa tena. Malimbikizo, yaani tofauti ya mshahara ambayo hakulipwa, akayafuatilia halmashauri, njoo kesho, njoo mwezi ujao, mpaka nauli ikamshinda. Hulka yake ni ileile aliyokuja nayo akiwa kijana. Ni kazi iliyomchosha, na inaniuma kusikia anaambiwa tatizo ni yeye!

Na hao wanung'unikaji, tuwaheshimu. Makato yasiyoeleweka kwenye hati ya mshahara huwa wanayaona wao kwanza, na wakiuliza tunanufaika wote.

Sasa nasikia kuna dodoso la kupima tabia zetu. Tutalijaza. Ila semina ijayo aje afisa utumishi na orodha ya wanaodai, aisome jina kwa jina mbele yetu, na kila jina alitajie tarehe ya kulipwa.