Taa Mbili za Asante

Juzi mchana, mashariki ya Limon huko Colorado, trela ilinipita kwenye barabara ya I-70. Mimi na nyumba yangu ya magurudumu tulikuwa tunajikokota maili 62 kwa saa, yaani kama kilomita 100, upepo wa nyanda ukitusukuma kama mtu anayedai deni. Kwanza ulikuja ule msukumo wa pua ya lori, unaokutupa kando. Ubavu wake ulipofika sambamba na dirisha langu ukaanza ule mwingine, wa kukuvuta chini ya magurudumu yake. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikamwacha aende. Mkia wake ulipoipita pua yangu nikamwashia taa mara moja: ingia, nafasi ipo. Akaingia leni yangu polepole. Halafu taa nyekundu za nyuma ya trela zikafumba na kufumbua mara mbili.

Asante.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Jioni nikaandika habari hiyo kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, nikidhani nimepeleka kitu kizuri. Ndugu yangu mdogo akajibu kwa sekunde nne: "Sasa umeanza kusifu hata indiketa za Wazungu." Binamu akaongeza kwamba mwacha asili ni mtumwa. Anko mmoja, ambaye kwa kawaida huamka tu siku ya mchango, akauliza nitajenga lini ile ploti ya Ngata, au nimeamua kujenga barabarani.

Basi nijibu hapa, maana kwenye grupu watu hawasomi zaidi ya mistari miwili.

Hiyo gari-nyumba sikuinunua kwa mbwembwe. Mimi ni muuguzi wa mkataba. Wiki 13 hospitali hii, wiki 13 hospitali ile, na kila mji kodi ya chumba inamaliza mshahara kabla haujapoa. Nikanunua gari kuukuu la mita nane, lina kitanda juu ya kichwa cha dereva, jiko la moto miwili, na choo ambacho lazima nikimwage mwenyewe kwa bomba kila baada ya siku nne. Nawaambia, hakuna kazi inayomwondolea mtu kiburi upesi kama hiyo. Ndugu yangu huliita gari hilo "duka la M-Pesa lenye magurudumu", na ukiliona kwa mbali hajakosea sana.

Halafu hili la Wazungu. Nani alikwambia aliyeniwashia taa alikuwa Mzungu? Kwenye vituo vya malori huku nimekula chapati za Wapunjabi, nimesalimiwa kwa Kisomali na mtu aliyedhani mimi ni wa Garissa, na huko Kansas nilikutana na kijana wa Kapsabet anayesukuma trela la friji. Kijana huyo alianzia Eldoret, kwenye malori ya mahindi. Huku anaendesha kama mzee wa kanisa. Nilimuuliza ni nini kilichombadilisha, nikitarajia hotuba kuhusu nidhamu. Akasema, "Dada, huku nalala." Sheria inamruhusu kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, kisha apumzike saa 10 mfululizo, na kuna kifaa kimefungwa kwenye injini kinachohesabu. Ukikidanganya, umepatikana.

Kwa hiyo tafadhali mniondolee maneno ya adabu ya Mzungu na ukaidi wa Mwafrika. Na usiniambie pia kwamba kwetu hatuna lugha ya taa. Tunayo, tena tamu kuliko ya huku! Nimelelewa Salgaa, kile kituo cha malori karibu na Nakuru, Kenya, najua. Ukiwa nyuma ya trela kwenye mwinuko, huoni mbele, dereva anakupa indiketa ya kushoto: pita, mbele ni kweupe. Akikupa ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Mtu hakujui, halipwi, lakini anakukopesha macho yake. Dereva wa huku hathubutu kufanya hivyo, anaogopa kushtakiwa. Na lori likikwama, taniboi, yaani utingo, anakata matawi na kuyapanga lami nzima hadi kona ya nyuma, ili wewe usije ukaligonga gizani. Hiyo ni adabu ya kiwango gani? Niliposimulia habari za matawi kwa wenzangu wa zamu, walidhani nazungumzia Jumapili ya Mitende.

Kilichoniuma siku ile hakikuwa taa. Ni kitu nilichokipita asubuhi yake, kabla sijafika Limon.

Ukitoka milimani kuelekea Denver, I-70 inateremka kwa mteremko wa asilimia 6, kona juu ya kona. Kuna mabango makubwa ya manjano yanayozungumza na madereva wa malori kama mama mkali: msidanganyike, bado maili nne za mteremko. Unateremka, unaona mji kwa mbali, unadhani yameisha, bango jingine: bado hamjafika chini. Mimi nimeshusha gia, injini inalia, breki naigusa na kuiachia, naigusa na kuiachia. Malori yako leni ya kulia yanashuka kama vinyonga. Halafu upande wa kulia unaona njia inachepuka, haiendi popote. Inapanda kilima. Imejazwa kokoto tupu, kokoto laini, hakuna alama ya tairi. Ni ya lori lililoishiwa breki. Unajitupa mle, kokoto zinakumeza hadi ekseli, unasimama. Unashuka ukitetemeka, lakini unashuka kwa miguu yako.

Niliitazama kwa sekunde tatu hivi, nikapita. Koo likanikauka.

Maana yake ni kwamba kuna mtu alikaa ofisini akasema: breki za lori fulani zitakufa hapa. Simjui dereva, sijui lini, lakini zitakufa. Wekeni kokoto.

Sisi tumengoja nini? Sachangwan, kwenye barabara yetu ya Nakuru kwenda Eldoret, 31 Januari 2009, tangi la petroli likawaka, watu zaidi ya 100 wakafa. Sina haja ya kusimulia, kila mtu wa Nakuru ana jina lake la siku ile. Migaa, barabara hiyo hiyo, alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori yakagongana, watu 36. Ndipo tukaona njia zinatenganishwa, na kweli kupanda pale siku hizi si kama zamani, nalisema kwa moyo mweupe. Kisha 30 Juni 2023 njiapanda ya Londiani, lori likawafuata watu sokoni, mama wa viazi, kijana wa bodaboda, abiria anayengoja matatu. Watu 52. Kila mara maneno yalikuwa yale yale: dereva alishindwa kulidhibiti gari. Na nilipokuwa mdogo maelezo yalikuwa mapepo. Kuna mapepo Salgaa, watu walisema, yanataka damu. Mimi niliyaogopa mapepo hayo hadi darasa la sita.

Aliyeniondolea hofu hiyo ni Baba, na hakuniondolea kwa maombi.

Baba alisukuma trela kati ya Mombasa na Malaba miaka 23. Alilipwa kwa safari. Tajiri wake (simtaji, na alikuwa na wenzake wengi) alimpimia dizeli ya kwenda na kurudi, na posho ambayo haikumtosha hata kulala Mlolongo. Basi ukifika juu, ukaona ule mteremko wa kushukia Salgaa, unafanya hesabu. Unatoa gia. Unaiachia free. Lori linateremka lenyewe, halinywi kitu, na ile dizeli iliyobaki inatoka kwa mpira kuingia kwenye mtungi kando ya barabara, na huo mtungi ndio ada yangu ya shule. Baba aliniambia hayo nikiwa nimeshakuwa muuguzi, tumekaa nje tunachambua maharagwe, hakuniangalia usoni. Akasema ukiwa umebeba tani hamsini, gia iko nje, breki zimeanza kunuka, hakuna pepo anayehitajika hapo.

Tani hamsini si chumvi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu trela la ekseli saba tani 56. Huku kwenye hizi barabara za leni nne, lori la kawaida mwisho wake ni ratili 80,000, kama tani 36. Soma tena. Yetu ni mazito zaidi, barabara yetu kwa sehemu kubwa ni leni moja kwenda na moja kurudi, mlima ni ule ule, na dereva wetu ametoka Mariakani jana bila kulala, shavu limejaa miraa. Halafu tunamwambia nidhamu!

Sasa namsikia yule wa grupu. "Kwani huko hakuna ajali?" Ziko. Kwenye mteremko huo huo wa Denver, Aprili 2019, kijana aliishiwa breki, akaipita ile njia ya kokoto bila kuingia, akaparamia foleni ya magari kule Lakewood. Watu wanne walikufa. Mahakama ilimpa miaka 110 jela, watu wakapiga kelele kote nchini, gavana akaipunguza ikawa 10. Siwauzii mbingu. Na mimi mwenyewe hunyamaza nikiona damu ya barabarani ikiingia zamu yangu, haina uraia. Lakini tazama jinsi kesi ile ilivyokwenda: swali kubwa lilikuwa kwa nini hakuingia kwenye kokoto. Kwetu swali hilo haliwezi kuulizwa. Aingie wapi? Kwenye kibanda cha nyama choma?

"Basi rudi ujenge hizo kokoto." Nitarudi, bwana. Nimeshasikia pia kwamba barabara yetu hiyo inapanuliwa kutoka Rironi hadi Mau Summit, na kwamba tutailipia tukipita. Lipisheni. Mimi nitalipa na risiti nitaitundika ukutani, mradi tu kwenye huo mchoro kuwe na mtu aliyekaa akasema: zitakufa hapa.

Niseme na aibu yangu, ili msidhani najisifu. Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nikamwendesha Baba kwenda Molo na Probox ya ndugu yangu. Baada ya Kibunja tangi moja likatupita, tupu, linakimbia. Mkia ulipotupita mkono wangu ukafanya ulichozoea: nikamwashia taa, ingia. Jamani. Dereva akapiga breki, akawasha taa zote za hatari, akatoka barabarani vumbi tupu. Taniboi akaruka chini akaanza kukagua matairi moja moja, akainama chini ya tangi, akagonga valvu. Walidhani nimeona kitu kinavuja au gurudumu linachomoka, kwa sababu kwetu mtu wa nyuma hakuwashii taa bure. Ilibidi Baba ashuke na fimbo yake akaeleze. Nikamsikia akisema, "Mtatuwia radhi, huyu binti yangu ametoka Marekani." Dereva akanitazama pale kwenye usukani kwa muda, akasema, "Ooh. Pole."

Baba alicheka hadi Molo.

Sasa usiku ule wa Limon nililala kwenye kituo cha kupumzikia, gari langu katikati ya malori mawili ya friji yanayonguruma. Wenzangu wa magari-nyumba hulalamikia kelele hizo. Mimi hunibembeleza, ni sauti ya Salgaa saa tano usiku, harufu ya nyama tu ndiyo inakosekana. Kabla sijalala nilimtumia Baba picha niliyopata mtandaoni ya ile njia ya kokoto, maana mwenyewe nilipita bila kupiga. Hakusema lolote kuhusu adabu, wala Wazungu, wala ploti. Kulipokucha nikakuta ujumbe wake wa sauti, wa dakika nzima, mwingi ni kikohozi. Huniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

"Mama, hizo kokoto ni za kuponda au za mto?"

Nikakuza picha. Nikamwambia ni za mviringo, Baba, kama maharagwe.

Akakaa kimya kidogo, kisha ukaja mwingine. "Ni za mto hizo. Za kuponda zingeshikana, lori lingepita juu kama lami. Hawa wanajua." Nikasikia kiti kikilia, kama mtu anayesogea dirishani. "Pale juu ya Migaa, ukiwa unashuka, mkono wa kushoto, kabla ya ile kona ya miti. Pangetosha."