Msukumo ninao, tena wa mgongoni

Leo saa moja na nusu asubuhi nimepigiwa simu na kijana wa chuo. Ana kazi ya darasani kuhusu wabunifu. Sauti tamu, salamu ndefu, kisha swali: "Kaka, wewe kama mchoraji wa mitindo, msukumo unaupata wapi?"

Kijana wa watu hakujua kanikuta wapi. Nilikuwa mlangoni mwa daladala ya Gongo la Mboto, mguu mmoja ndani, mwingine bado unaomba kibali, begi la karatasi nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa, na konda ananishindilia mgongoni kwa goti. "Hapa hapa," nikamjibu, "ninaupata hapa hapa." Akashukuru, akasema jibu langu lina kina. Akakata.

Kazi yangu ni kuchora nguo ambazo hazijashonwa. Mtu ana kitambaa, ana sherehe, hajui anataka nini. Namchorea, anapeleka kwa fundi. Ninajitegemea. Neno zuri sana hilo, mpaka ulitamke mbele ya baba mkwe. Nilipokwenda serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, mtendaji akaniuliza shughuli yangu. Nikamwambia. Akaangalia dari, akaandika "fundi rangi". Tangu hapo nimeshaitwa mara mbili kupaka nyumba. Moja niliipaka. Ililipa kuliko mwezi mzima wa magauni, ila hilo libaki hapa hapa.

Umeme sitaugusa leo. Bando nalo tuliache. Wale wa "nichoree tu, nitakutangaza" Mungu anawaona. Nimetangazwa mpaka mwenye nyumba kasikia, na bado kodi anaitaka ya miezi 6.

Mimi leo nina neno na mama wa bi harusi.

Si bi harusi. Bi harusi huwa hana neno, anachoka mapema. Mama yake ndiye mwenye shughuli. Alikuja Jumamosi pale kwenye kibaraza cha fundi ninapoegesha stuli yangu, na lesi yadi 5, moto moto kutoka Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

"Rangi ya kamati," akasema, "ni dhahabu mbichi."

Nikaitazama ile lesi. Ilikuwa njano. Nikauliza, kwa adabu zote, dhahabu mbichi ndiyo ipi.

"Ambayo haijaiva," akanijibu, kwa huruma.

Nikachora. Hapa naomba nijisifu kidogo. Binadamu wa kawaida, ukimpima kwa kichwa chake mwenyewe, urefu wake ni kama vichwa saba na nusu. Wa kwenye michoro ya mitindo tunampa tisa, na nyongeza karibu yote inakwenda miguuni ili nguo ipate pa kuteremkia. Uso mara nyingi tunauacha wazi, mtazamaji asije akahangaika na pua akaisahau nguo. Hili sikulianzisha mimi, wachoraji wa dunia nzima wanalifanya. Basi nikaweka mkia wa samaki, nikaweka mikono ya puto, nikapuliza vumbi la penseli kwa heshima zote, nikamgeuzia karatasi.

Kimya.

"Baba," akasema taratibu, "huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Mbona hana uso?"

"Ndivyo tunavyochora, mama, ili ile nguo..."

"Kwani mimi nimekukosea nini?" Akawageukia wanawake wawili waliokuwa wamekuja kupunguza sketi. "Jamani, mimi nimekuja hapa na macho. Nimekuja na mdomo. Angalieni nilivyofanywa. Hii si sanda imepata mikono?"

Wakaangalia. Mmoja akampa pole.

Nikaweka macho. Nikaweka mdomo. "Usicheke sana huo mdomo," akaniambia, "mimi ndiye ninayetoa mtoto." Nikaukunja. Akapanda shingoni: shingo yote hii ya nini, achungulie kwa jirani? Nikaikata. Akashuka miguuni, akauliza kama nimeona korongo anaingia ukumbini. Nikaona bora nimweleze kitaalamu, na hapo ndipo nilipojichongea. Nilimwambia kuhusu vichwa tisa.

"Vichwa tisa!" Akasimama. "Fundi, unamsikia mwenzako? Anasema nina vichwa tisa!"

Fundi, mtu ninayekula naye chai kila asubuhi, akaongeza mwendo wa cherehani.

Nikamfupisha. Akajipiga nyongani kwa kiganja, pah! "Na hizi umezipeleka wapi? Watoto 5 hawa sikuwaokota. Rudisha." Nikarudisha. Nikarudisha tena. Karatasi ikaanza kuwa finyu. Kisha bangili. Kisha mkoba. Kisha simu mkononi, ile ya macho matatu, na hayo macho matatu yaonekane. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya penseli zangu aliposema:

"Sasa hapa pembeni mchore mama wa bwana harusi."

"Naye anashona hapa?"

"Hashoni hapa. Mchore tu. Mfupi."

Ndugu zangu, nilimchora. "Mfupi zaidi ya hapo." Nikampunguza. Nikauliza avae nini. "Chochote, yule hana chaguo." Muda wa saa mbili na robo nimekaa pale, namkata kimo mwanamke nisiyemjua kwa raba yangu mwenyewe.

Nikataja bei: elfu 30. "Ya kuchora tu? Kwani penseli bei gani?" Akatuma elfu 10, bila ya kutolea, na ahadi kwamba iliyobaki nitaila harusini. Jioni kweli kadi ikaletwa. Nikaifungua kwa furaha. Kadi ya mchango. Kiwango cha chini elfu 50.

Sasa hapa sicheki. Kuna bwana anaitwa René Gruau, mchoraji wa mitindo mwenzangu, mzaliwa wa Rimini, Italia, 1909. Christian Dior, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, alipotoa zile sketi zake pana mwaka 1947, Gruau ndiye aliyekuwa akimchorea matangazo. Mstari mmoja mnene wa wino mweusi, na gauni zima limesimama. Uso mara nyingine anaufunika na kofia, basi, yamekwisha. Sidhani kama kuna mama aliyewahi kumuuliza penseli bei gani. Nyekundu, nyeusi, nyeupe: hizo ndizo rangi alizozipenda, na mara ya kwanza kuona kazi yake nilisema hiki mbona kisutu, ile khanga ya bibi!

Maana mimi nilianzia hapo. Bibi alikuwa akitandika kisutu chake mkekani, ananipa kipande cha mkaa, nakifuatisha ukutani: pindo kwanza, halafu mji, yaani ile sehemu ya katikati, jina mwisho. Hakuwahi kuniita msanii. Alikuwa akisema pindo likikosewa, khanga yote inaonekana imelewa, nifute nianze upya. Na nilikuwa nafuta. Mpaka leo nikichora pindo la gauni mkono unatangulia wenyewe. Hilo ndilo la kumwambia yule kijana wa chuo, lakini utaanzaje habari za bibi na konda anakudai nauli kwa goti?

Na mchoro wenyewe mnaujua uliko? Leo nimefika, nimeukuta chini ya pasi ya mkaa. Fundi hajaufungua hata siku moja. Mama alimpigia usiku uleule, akamwambia amshonee kama ule aliovaa wifi yake mwaka jana, picha atamtumia. Nikauinua ule mchoro. Mama wa bwana harusi ameungua wote. Kwa ufupi ule, hata hakuchukua muda.

Nilikuwa na mengine, hasa kuhusu watu wanaosema siku hizi simu inachora bure. Lakini mtoto wa mpangaji wa chumba cha mbele kaingia na daftari la sayansi, amenyoosha mkono, hata shikamoo hakuna. Anataka panzi, na sehemu zake zote, kesho anakusanya. Mama yake kamwambia aje kwangu kwa sababu mimi huwa nipo tu.

Penseli hakuja nayo.