Bugobogobo haiandikwi kwa Times New Roman

Kurasa mbili za katikati nilizozisanifu kwa jarida letu zimerudishwa. Makala ilihusu Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, karibu na Mwanza. Picha zilikuwa nzuri ajabu, vumbi linaonekana, jasho linaonekana, na kichwa cha habari kilikuwa neno moja tu, Bugobogobo, jina la ngoma ya majembe, nimelilaza kwa fonti ya Cooper Black kutoka ukingo wa kushoto mpaka wa kulia. Mhariri akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haina uzito. Jioni nikakuta kurasa zimeshabadilishwa. Neno lilelile sasa liko kwa Times New Roman iliyokolezwa, limesogezwa juu pembeni, kwa ukubwa uleule tunaotumia kwenye matangazo ya zabuni.

Nimekasirika, na mpaka naandika haya sijapoa.

Litazameni neno lenyewe herufi kwa herufi. Kuna o nne, b tatu, g mbili na u moja. Karibu kila herufi ina tumbo. Cooper Black nayo imejaa matumbo: Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatoka mwaka 1922, nene, ncha zote zimeviringwa, hakuna kona kali hata moja. Ukiweka Bugobogobo humo, zile o nne zinajipanga kwa mapigo sawa, b zinapanda, g zinashuka, na msomaji anaona mguu ukikanyaga na jembe likirushwa kabla hajasoma chochote. Nilijaribu fonti nyingi kabla ya kufika hapo. Nyingine zilichekacheka tu. Hii ilicheza.

Sasa hiyo Times New Roman inayodhaniwa kuwa na uzito. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London chini ya Stanley Morison, ikaanza kuchapwa humo mwaka 1932. Kazi yake ilikuwa kuingiza maneno mengi kwenye safu nyembamba na bado yasomeke. Kazi hiyo inaiweza mpaka leo, na mwili wa makala zetu naupanga kwa fonti za ukoo huohuo bila kinyongo. Lakini ni herufi ya kubana nafasi. Neno moja lililopewa kurasa mbili nzima lina shida gani ya nafasi? Ukiikuza kiasi hicho, mistari yake myembamba inaonekana imekonda, na kile ulichotaka kionekane kizito kinakuwa kikavu tu.

Hata Comic Sans, ambayo sisi wasanifu kurasa tumezoea kuisimanga, ilizaliwa kutokana na tatizo hilihili. Mwaka 1994 Vincent Connare wa Microsoft aliona programu iliyokuwa bado inatengenezwa, mbwa wa katuni anazungumza na maneno yake yamepangwa kwa Times New Roman. Akaona haviendani kabisa, akaanza kuchora herufi nyingine. Mimi Comic Sans siipendi, na sitaiweka kwenye ukurasa wowote ninaoupanga. Ila jicho la yule bwana lilikuwa sahihi.

Kinachoniuma zaidi ni imani kwamba mchezo na uzito havikai pamoja. Anayeamini hivyo hajawahi kusimama uwanjani Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevutia watu wengi upande wake. Hakuna anayekulazimisha kubaki. Ukiona kule wametoa nyoka, unahama. Ukisikia huku ngoma imebadilika, unarudi. Kwa hiyo kila kundi linafanya kila linaloweza, majembe yanazunguka hewani, mavazi, vituko, nyimbo za kuchokoza upande wa pili. Na chini ya vituko hivyo kuna manju aliyeumiza kichwa kutunga, kuna mazoezi ya muda mrefu, kuna heshima ya watu waliowatuma. Uzito wote upo pale, na umeingia uwanjani unacheza. Bulabo yenyewe imefungamana na sikukuu ya Ekaristi, tangu enzi za Padri David Clement pale Bujora, na sijasikia muumini aliyeondoka akisema Mungu amedharauliwa kwa sababu watu walirusha majembe.

Ukurasa uko kwenye uwanja uleule. Msomaji ana jarida mkono mmoja na simu mkono wa pili, na simu haichoki kuita. Kichwa cha habari kina nafasi ya kumvuta mara moja. Mkikipanga kama kila kichwa kingine cha jarida zima, mmemwambia kwamba humu hakuna ngoma, apite. Mwandishi alikaa Kisesa akazungumza na wazee, mpiga picha alilala chini kwenye vumbi apate mguu ule ulioinuka, halafu kazi yao tunaifungulia kwa herufi isiyojua ni sherehe ya nani. Hilo ndilo kukosa heshima.

Anayetaka ushahidi ulio karibu zaidi ashuke Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, asubuhi, atazame mitumbwi. Mingi ina maandishi ya aina mbili. Kuna namba ya usajili, imeandikwa wima na wazi, kwa sababu ofisa wa uvuvi lazima aisome. Halafu kuna jina la chombo, na hapo fundi rangi ameachiwa uwanja: rangi mbili, kivuli upande mmoja, mkia wa herufi ya mwisho unakimbilia nyuma ya mtumbwi. Mwenye chombo ameweka humo mtaji wake na maisha ya vijana anaowatuma ziwani usiku. Jina hilo kwake si utani hata kidogo, na bado akataka lipendeze. Fundi alielewa, bila kuelekezwa, kwamba namba ina kazi yake na jina lina kazi yake.

Niliambiwa pia kwamba nikiruhusiwa leo, kesho nitaweka herufi za namna hii kwenye kumbukumbu ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Hilo limeniumiza kuliko ile kalamu nyekundu. Sisi wa Mwanza tunaijua tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya Igoma tunayajua. Ukurasa wa namna hiyo naupanga kwa herufi tulivu, nafasi nyeupe kubwa, na jina la meli peke yake. Sihitaji kuonywa. Kutofautisha msiba na ngoma kwa macho ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Haya, nikubali kwa shingo upande: kuna wanaoharibu. Wanaweka fonti za mchezo kwenye maelezo ya picha, kwenye aya nzima, tatu tofauti ukurasa mmoja, mpaka macho yanauma. Fonti kama hii inatosha mara moja kwenye makala, kwenye kichwa, basi.

Na wenzangu wasanifu, hapa nasema na nyinyi. Acheni kuchagua fonti kwa kutazama ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha na mbwa. Ina q, ina x, herufi ambazo Kiswahili hakizitumii, na ndizo mara nyingi zimechorwa kwa mbwembwe zote. Tazameni a, k, w, m na n, maana hizo ndizo zitakazojaa kwenye vichwa vyenu. Kisha andikeni Ng'wana. Fonti nyingi za bure hazina alama nzuri ya king'ong'o. Zinakupa kijiti kilichosimama wima, au zinaacha pengo kubwa mpaka jina la mtu linasomeka vipande viwili. Huku Usukumani huwezi kulikwepa hilo. Mimi naisogeza kwa mkono, herufi moja moja, na kama bado inagoma naitupa fonti nzima hata iwe nzuri vipi.

Kwa wahariri ombi langu ni moja. Kabla ya kuandika "haina uzito", chapeni kurasa mbili kwa ukubwa wake halisi, zibandikeni ukutani, simameni mbali kidogo mzitazame. Kisha nionyesheni ni sentensi ipi ndani ya makala imepungua ukweli kwa sababu ya umbo la kichwa chake. Mkiipata, nitakibadilisha mwenyewe siku hiyohiyo.