Tumepigwa kwenye Bei, Siyo kwa Kijana

Kila Aprili, wiki ya drafti ya NFL ikifika, pale timu za ligi ya futiboli ya Marekani zinapochagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, orodha ya waliofeli ni ileile. Ryan Leaf juu kabisa, JaMarcus Russell anafuata, halafu Tony Mandarich, Trent Richardson, Johnny Manziel, na Mitchell Trubisky ili mashabiki wa Chicago nao wachomwe. Picha ya kijana mwenye kofia mpya, anatabasamu, na chini yake neno moja: garasa. Sisi tunaokesha hadi saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa kusubiri chaguo la kwanza tunazisambaza orodha hizo kwenye magrupu kana kwamba zimetufundisha kitu. Hazifundishi. Zinahesabu majina tu, na kilichoziumiza timu hizo kwa miaka ni bei iliyolipwa kabla hata jina halijasomwa jukwaani.

Hili linaniudhi kwa sababu linampa kijana wa miaka 22 mzigo wa watu wazima waliokaa chumbani na simu mkononi.

Kumchagua mchezaji asiyefaa ni kosa lisilo na kinga. Watafiti Richard Thaler na Cade Massey walichambua drafti za miaka mingi wakakuta kwamba mchezaji aliyechaguliwa mapema humzidi yule anayefuata kuchaguliwa katika nafasi ileile ya uwanjani kwa uwezekano wa takribani asilimia 52. Hapo umebakiza kidogo tu uwe unarusha shilingi. Kombaini ya Indianapolis (majaribio ya vijana kabla ya drafti), mbio za yadi 40, kupima viganja, mahojiano, filamu za mechi zote, na matokeo ndiyo hayo. Kwa hiyo meneja mkuu akikosea kwa chaguo alilopata kwa kufungwa msimu mzima (timu dhaifu ndiyo huchagua mapema), amekosea kama wenzake wote wanavyokosea. Lakini anayetoa machaguo manne ili apate moja amejipunguzia nafasi za kusahihisha kosa ambalo karibu nusu ya wakati lazima litokee. Hilo ndilo la kujutia.

Tuwachukue Bears wa Chicago wa 2017, maana hakuna mfano ulio wazi kuliko huu.

Meneja mkuu wao, Ryan Pace, alikuwa na chaguo la 3, yaani zamu ya tatu. Mwezi Machi alikuwa tayari amemsajili kwotabeki (mrusha pasi wa timu) Mike Glennon kwa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 45. Ilipofika tarehe 27 Aprili aliwapa San Francisco chaguo la 3, la 67, la 111 na chaguo la raundi ya tatu ya 2018, ili apande hadi namba 2. Ngazi moja! Akamchukua Trubisky, kwotabeki aliyeanza mechi 13 tu akiwa chuoni North Carolina.

Chukua lile jedwali la pointi la Dallas ya kocha Jimmy Johnson la mwanzoni mwa miaka ya 1990, linalolipa kila chaguo thamani yake, ambalo watu wa ligi bado hulitumia kama kianzio. Chaguo la 2 lina pointi 2,600, la 3 lina 2,200. Tofauti ni 400. Chaguo la 67 lina 255, la 111 lina 72, na lile la 2018 likaja kuwa la 70, lenye 240. Jumla 567. Watetezi wa Pace husema chaguo la mwaka unaofuata hushushwa thamani kwa raundi nzima, kwa hiyo siku ile hesabu ilikuwa karibu sawa. Haya, nakubali kwa shingo upande. Jedwali linakuambia bei ya sokoni. Halikuambii kama ulikuwa na haja ya kwenda sokoni.

San Francisco waliposhuka hadi namba 3 walimchukua Solomon Thomas, mlinzi wa mbele kutoka Stanford. Aliyepanda alilipa kwa hofu kwamba timu nyingine ingepiga simu kabla yake. Huenda ingepiga kweli, hakuna awezaye kuapa. Ila hofu siyo sababu ya kutosha ya kutoa machaguo matatu juu ya lako, tena kwa kijana ambaye ushahidi wake wote ni msimu mmoja.

Sasa fuatilia yalikoenda. Chaguo la 67 San Francisco waliwauzia New Orleans, na New Orleans wakamchukua Alvin Kamara, aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa mashambulizi msimu uleule. La 111 lilitumika kupanda hadi namba 31 kumpata Reuben Foster. La 70 la mwaka 2018 likamleta Fred Warner, ambaye amekuwa nguzo ya ulinzi wa timu ile tangu hapo. Sisemi Bears wangewachagua Kamara na Warner. Pengine wangekosea hapo pia. Ninachosema ni kwamba walijinyima haki ya kujaribu, na Solomon Thomas mwenyewe ni ushahidi wangu: San Francisco walikosea kwenye namba 3, lakini kwa kuwa walikuwa na machaguo ya ziada, kosa lile halikuwazamisha.

Mashabiki wa Chicago hawataki kusikia hayo. Wao ni Mahomes, Mahomes, Mahomes. Ndiyo, kwenye drafti ileile makwotabeki Patrick Mahomes alichukuliwa namba 10 na Deshaun Watson namba 12. Lakini Mahomes alifika Kansas City, akakaa nyuma ya kwotabeki mzoefu Alex Smith, akaanza mechi 1 tu msimu wa 2017, chini ya kocha Andy Reid. Trubisky aliingizwa uwanjani Oktoba ileile, chini ya John Fox aliyefukuzwa msimu ulipoisha. Mwaka uliofuata akaja Matt Nagy na mfumo mwingine kabisa. Anayeamini kwamba Mahomes angekuwa Mahomes huyuhuyu ndani ya nyumba ile anieleze nani angemfundisha.

Na bei haikuishia siku ya drafti. Msimu wa 2018 ulikuwa wa ushindi 12 na vipigo 4, hadi kwenye mechi ya mtoano mkwaju wa mpigaji wao Cody Parkey ulipogonga mlingoti kisha mhimili na Eagles wa Philadelphia wakaondoka na 16 kwa 15. Msimu ule uliwafanya viongozi waamini kwamba wamepatia. Machi 2020 wakatoa chaguo la raundi ya nne kwa Jacksonville kumleta kwotabeki mwingine, Nick Foles, na Mei wakakataa kumwongezea Trubisky mwaka wa tano wa mkataba. Hapo kosa la 2017 lilikuwa bado linakula machaguo mapya.

Usiku mmoja tu baada ya kuchaguliwa, kijana yule alionyeshwa kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa United Center, Bulls wakicheza mpira wa kikapu na Celtics, akazomewa. Alikuwa hajarusha pasi hata moja. Ni aibu kwa shabiki yeyote. Aliyestahili maswali makali usiku ule alikuwa ofisini.

Cleveland walikuwa wameshafanya jambo lilelile mwaka 2012. Walikuwa namba 4, wakawapa Minnesota machaguo ya 118, 139 na 211 juu yake ili wapande ngazi moja wamchukue mkimbiaji Trent Richardson. Minnesota wakashuka hadi namba 4 wakamchukua Matt Kalil, mlinzi wa kwotabeki. Septemba 2013 Richardson akauzwa Indianapolis kwa chaguo la raundi ya kwanza, na hapo nawapa Cleveland heshima yao, kwa sababu waliuza mapema na kwa bei nzuri. Halafu chaguo hilo, la 26, wakaliunganisha na la 83 wakapanda hadi la 22. Wakamchukua kwotabeki Manziel. Kosa moja likazaa la pili, na yote mawili kwa njia ya kupanda.

Kuna hoja dhidi yangu na ni ya kweli: kuuza nako siyo dawa. Cleveland haohao mwaka 2011 waliwauzia Atlanta chaguo la 6, Atlanta wakamchukua Julio Jones, na Cleveland wakapata rundo la machaguo, likiwemo la 22 la 2012. Wakalitumia kwa Brandon Weeden, kwotabeki wa miaka 28. Ukipewa nafasi nyingi ukazichoma, umezichoma.

Linaloniuma zaidi ni kuona waliofaidika na ujinga wa wenzao wakiurudia. San Francisco walioikamua Chicago 2017 ndio haohao, chini ya meneja mkuu John Lynch yuleyule, waliotoa mwaka 2021 chaguo la 12, machaguo ya raundi ya kwanza ya 2022 na 2023, na la raundi ya tatu la 2022, kupanda hadi namba 3 kwa ajili ya kwotabeki Trey Lance. Mechi alizoanza chuoni North Dakota State: 17, na moja tu kati ya hizo ilikuwa ya mwaka 2020. Aliwaanzia mechi 4, akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Seattle Septemba 2022, na Agosti 2023 akaenda Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Aliyewaokoa ni kwotabeki Brock Purdy, namba 262, wa mwisho kabisa kwenye drafti ya 2022. Mashabiki wao wanacheka siku hizi. Hawakuokolewa na hekima ya mtu, maana timu inayojua thamani ya mchezaji haimwachi hadi jina la mwisho.

Carolina nao wakaingia 2023: chaguo la 9, la 61, la raundi ya kwanza 2024, la raundi ya pili 2025, na mpokeaji wao bora D.J. Moore, vyote vikaenda Chicago ili wao wapate namba 1 na kwotabeki Bryce Young. Lile la 2024 likawa namba 1, Chicago wakamchukua Caleb Williams. Young alikalishwa benchi baada ya mechi 2 za msimu wa 2024, akarudi baadaye msimu uleule akacheza vizuri zaidi. Namtakia heri kwa moyo wote. Lakini hata akifika mbali, walimpa mtoto kazi ya kurusha mpira na siku hiyohiyo wakamwondolea mtu wa kumrushia. Tazama alivyolipiwa, halafu uniambie ni haki kumlaumu yeye.

Kwa Leaf nitasema machache. Pasi 14 za tachidauni na 36 zilizonaswa, hilo halifichiki. Lakini San Diego hawakumpata bure kwenye namba 2: waliwapa Arizona chaguo la 3, la raundi ya pili, la raundi ya kwanza la 1999, pamoja na Eric Metcalf na Patrick Sapp. Timu iliyoishiwa hivyo ilimaliza msimu wa 2000 na ushindi 1 na vipigo 15, na orodha zote zinaandika jina la mtu mmoja.

Russell ni kesi tofauti. Oakland hawakupanda, namba 1 ilikuwa yao. Kilichowaumiza ni sheria za mishahara za wakati ule: zaidi ya dola milioni 30 za uhakika kwa mtu ambaye hajacheza. Mwaka 2010 Sam Bradford, namba 1 wa mwaka huo, alihakikishiwa milioni 50. Mwaka 2011, baada ya mkataba mpya wa ligi na wachezaji, Cam Newton, naye namba 1, alipata takribani milioni 22 kwa miaka 4 yote. Kumweka garasa wa kabla ya 2011 na wa baada yake kwenye orodha moja ni kuchanganya hasara za aina mbili.

Ki-Jana Carter aondolewe kwenye orodha hizi kabisa. Goti lilikwisha katika mechi yake ya kwanza ya maandalizi. Kwotabeki David Carr vilevile: aliangushwa mara 76 msimu wake wa kwanza Houston, 2002, rekodi ya ligi, na bado kuna watu wanauliza kwa nini hakuiva. (Na wanaodhani mpango mzuri ndio kila kitu wawakumbuke Minnesota wa 2003, waliochelewa kukabidhi kadi yenye jina la waliyemchagua, wakapitwa na timu mbili, wakaambulia Kevin Williams kwenye namba 9, mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake.)

Timu inayostahili kuigwa ni Arizona. Mwaka 2018 walipanda kutoka 15 hadi 10 kwa kwotabeki Josh Rosen, wakilipa la 79 na la 152. Mwaka mmoja baadaye walikuwa na namba 1, wakamchukua kwotabeki mwingine, Kyler Murray, na Rosen wakamuuza Miami kwa chaguo la 62 na la raundi ya tano ya 2020. Walichekwa sana. Walifanya sawasawa: waliikata hasara ndani ya miezi 12 badala ya kungoja miaka 4 ili meneja asionekane amekosea.

Basi Aprili ijayo, likitangazwa badiliko la machaguo kabla ya jina, chukua kalamu. Andika walichotoa, namba kwa namba, na la mwaka unaofuata liwekee alama ulifuatilie hadi litue. Andika kijana ameanza mechi ngapi chuoni. Zikiwa chini ya 20 kwa kwotabeki, wasiwasi wako ni halali. Tazama kocha amebakiza miaka mingapi ya mkataba na nani anawalinda makwotabeki wao. Halafu mpigie kijana makofi, na hiyo karatasi ihifadhi kwa ajili ya meneja mkuu.