Sikujikojolea, Ilikuwa Kostiki

Naona mwalimu wa Baiolojia ameshawahi kuwapa habari kwamba nimejikojolea darasani. Ndiyo rafiki huyo! Haya, sikujikojolea. Ilikuwa kostiki, hiyo hiyo ya kupikia sabuni, ambayo maabara tunaiita sodiamu haidroksaidi.

Saa mbili asubuhi nilipima gramu 8, za kutengeneza lita 2 za myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa kila lita) kwa praktiko ya Kidato cha Nne. Kwa unyevu huu wa Tanga, punje zile hazina subira: zinavuta maji hewani mpaka namba za mizani zinapanda zenyewe. (Ndiyo maana baadaye tunahakiki nguvu yake kwa asidi ya oksaliki. Msije mkaniuliza tena.) Nikapima chapuchapu, nikakaza kifuniko cha plastiki, nikatia punje kwenye maji, si maji kwenye punje. Safi kabisa. Ila punje tano sita zilidondokea kwenye stuli. Nikasema nitazifuta.

Saa tano, nikifundisha, nikaikalia.

Kwanza ubaridi. Nikajua ni maji. Nikajisogeza, nikateleza kama niliyekalia mlenda. Jamani, utelezi ule mwanakemia hauulizi: ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuka sabuni. Punje zilikuwa zimeshayeyuka kwa unyevu wa hewa tu, na kimiminika chake hakikauki upesi. Mimi nimeganda, nusu tako hewani, mdomo unaendelea: "Nani ataniambia, kiashiria cha finolfthaleni kwenye besi kama kostiki kinakuwa rangi gani?" Kostiki haichomi papo hapo, inakupa nafasi umalize swali. Darasa likaitikia, "Pinki!" Hapo ikawaka.

Nikaruka. Suruali nyuma imelowa duara zuri, darasa zima linalitazama. Kijana mmoja, kwa elimu niliyompa mwenyewe, akaja mbio na chupa ya asidi: "Mwalimu, asidi na besi zinazimana!" Zinazimana, mwanangu, lakini zinatoa joto, na joto lile lingetokea ndani ya suruali yangu! Ukelele nilioutoa ndio uliomleta yule wa Baiolojia.

Dawa yake ni kuvua nguo na maji mengi, basi. Nikawatoa wote nje, nikajimwagia mpira wa maji dakika 20, nikaenda zahanati. Ngozi imebabuka kidogo, suruali nimeitupa.

Mpishi alinisitiri kwa kanga. Nimevuka uwanja wa shule nzima na maandishi pale pale penye kidonda: "Japo sipati tamaa sikati." Picha anayo nani, mnamjua.