Mzee Otto alikata, lakini Anne mwenyewe alikata zaidi

Watu wakishagundua kwamba shajara ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam wakati wa vita, ilipitiwa na baba yake, Otto, kabla ya kutoka 1947, hasira zinaanza: kumbe tumechakachuliwa!

Alikata kweli, hilo halina ubishi. Otto Frank alitoa sehemu Anne anazoelezea mwili wake, akatoa baadhi ya maneno makali kuhusu mama, na kuna kurasa tano zinazogusa ndoa ya wazazi ambazo zilikuja kujulikana 1998. Anayesema marehemu asifutiwe maneno ana hoja, hasa pale mhariri ni mtu anayesemwa humo humo ndani.

Ila jamani tuziangalie karatasi zenyewe. Machi 28, 1944 Anne alisikia redioni, matangazo ya kutoka London, waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni akisema vita ikiisha shajara na barua za watu wa kawaida zitakusanywa. Mei akaanza kuandika upya, zaidi ya karatasi 200 kwa wiki chache tu, anafupisha, anaunganisha, anafuta, anabadili majina, Pfeffer yule daktari wa meno aliyebanana naye chumba kimoja akawa Dussel, hadi jina la kitabu alishachagua. Na yale mapenzi yake na Peter, kijana waliyejificha naye, ambayo ndo wasomaji wengi wanayakumbuka? Anne aliyapunguza sana kwenye nakala mpya, nadhani moto ulishaanza kupoa. Aliyeyarudisha ni baba, kayachota kwenye daftari za mwanzo. Niambieni mzazi gani hapa kwetu angechapisha mapenzi ya binti yake wa miaka 14 wakati binti mwenyewe keshayafuta!

Halafu nakala hiyo ya pili inaishia Machi 29, 1944, na walikamatwa Agosti 4. Kwa hiyo hata ukitaka kuchapisha "alivyotaka mwenyewe", miezi minne ya mwisho huna, lazima mtu ashone. Na yale maneno kuhusu mama, tukumbuke mama huyo, Edith, alifia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Januari 1945, na kati ya wale wanane waliojificha aliyerudi ni Otto peke yake. Mimi hapo simgusi.

Ninachomlaumu ni kwamba msomaji hakuelezwa wazi kuwa anasoma maandiko mawili yaliyounganishwa. Wanaokanusha mauaji ya Wayahudi wakapata upenyo, miaka kibao wanapiga kelele shajara ni feki, mpaka wataalamu wa Uholanzi wakapima karatasi, wino na mwandiko, na 1986 likatoka toleo linaloweka yote sambamba, Anne wa kwanza, Anne wa pili, na la baba. Pale unaona nani kakata nini. Ila ni dude nene, mwanafunzi wa sekondari hafiki nalo mbali, na 1947, wakati hata kale kembamba wachapishaji kadhaa walishakakataa, hili nani angelipokea?