Ukiuza tela, usimwachie mnunuzi kadi

Msimu wa korosho ukinukia, biashara ya matela yaliyotumika huchangamka kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi. Watu hukagua fremu, hugonga matairi, huinama kutazama ekseli na kuvutana bei hadi jioni. Likija suala la makaratasi, muuzaji anasema: "Kadi hiyo hapo, utabadilisha jina mwenyewe ukipata nafasi."

Kauli hiyo inamponza muuzaji kuliko mnunuzi. Tumezoea kuamini kwamba kuhamisha umiliki ni kazi ya anayenunua, mimi naona ni kinyume chake. Mnunuzi ameshapata tela, linabeba mzigo na kumwingizia hela, haraka ya kwenda TRA, mamlaka ya mapato, ataitoa wapi? Wewe jina lako bado limo kwenye usajili. Tela likiachwa kando ya barabara usiku bila viakisi, mtu akaligonga, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Utaeleza kwamba uliuza, nao watakuuliza karatasi iko wapi.

Halafu wapo wanaouza kichwa cha lori na tela pamoja, wakaandika mkataba wenye namba ya kichwa peke yake. Tela husajiliwa kivyake, lina namba yake na kadi yake. Mkataba utaje namba ya usajili ya kila kimoja na namba ya chesisi, na chesisi mkaisome kwenye chuma chenyewe, msinakili tu kwenye kadi. Baada ya hapo ni mkataba uliogongwa muhuri wa wakili, kadi halisi, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vya pande zote mbili. Muhuri wa mtendaji wa kijiji unasaidia kuonyesha kwamba mlikubaliana, lakini hauhamishi umiliki.

Huku kwetu kuna jambo jingine: "Nitamalizia nikilipwa korosho." Sioni ubaya wa kumkopesha mtu unayemjua, ila malipo ya korosho hupitia mnadani na kwenye chama cha msingi cha ushirika, na siku ya kuingia benki mkulima haipangi yeye. Kwa hiyo mkataba usiseme "baada ya mavuno". Uandike tarehe, kiasi kilichobaki, nani anakaa na kadi, na tela litarudi kwa masharti gani deni lisipolipwa. Mswahili akiona aibu kuandika haya mbele ya rafiki yake, baadaye wataandikishana polisi.

Hila ya kupunguza bei kwenye mkataba nayo naipinga, hata kama dalali ataapa kwamba wote hufanya hivyo. Ushuru wa stempu, unaolipwa wakati wa kuhamisha umiliki, ni asilimia 1 ya thamani. Tela la milioni 20 lina ushuru wa shilingi 200,000. Ukiandika milioni 8, unalipa 80,000. Umeokoa 120,000, tena mara nyingi si zako bali za mnunuzi. Siku mkikosana, mahakama itaanza na kilichoandikwa, na kudai milioni 12 zilizopitia mkononi ni kazi ngumu. Sitaji hata kwamba ni kukwepa kodi.

Matela ya marehemu yana habari yake. Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtoto mkubwa mamlaka ya kuuza. Unampa pa kuanzia tu anapokwenda mahakamani kuomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Mpaka ateuliwe, anachouza si chake, na ndugu aliyekuwa Dar wakati wa kikao anaweza kuja kukulaza nalo kituoni.

Ushauri wangu kwa muuzaji: siku ya kukamilisha malipo ndiyo iwe siku ya kushughulikia TRA, mkiwa wote wawili, kila mtu na TIN yake. Mnunuzi akilalamika kwamba kutoka kwao Newala ni mbali, mpunguzie nauli kwenye bei, na ubaki na nakala ya mkataba na ya kadi mpya yenye jina lake.